Soketi za waringi wa gari: maswali tunayoulizwa kila wiki

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaojitengenezea waringi wenyewe: anayehamishia injini nyingine kwenye gari lake, anayefunga friji na taa za ziada kwenye Land Cruiser la safari, anayejenga gari la mashindano, na fundi aliyechoka kurudishiwa gari lilelile kwa tatizo lilelile. Majibu ni ya mfumo wa volti 12. Palipo na tofauti kwa volti 24, tumesema.

## Ya kuanzia

1. Kuna haja gani ya soketi? Nikisokota waya na kufunga tepu si inatosha?

Inatosha kwa siku chache. Waya wa gari ni nyuzi nyembamba za shaba. Gari likitikisika nyuzi zilizosokotwa zinalegea, unyevu unapenya, shaba inaota ukungu wa kijani, na umeme unaanza kupita kwa taabu. Tepu nayo ikipata joto la injini inaachia gundi na kujifungua yenyewe.

Ila usivuke mpaka upande wa pili. Kila soketi unayoongeza ni mahali pengine pa kuharibika, na waya mmoja mzima kutoka kwenye fyuzi hadi kwenye pampu ya mafuta ni bora kuliko ule ule uliokatwa mara tatu kwa soketi za bei mbaya. Weka soketi pale tu kitu kitakapofunguliwa siku moja: injini inaposhushwa, mlango, bampa, dashibodi, tangi. Kwingine kote acha waya upite.

2. Nianze kwa kuchagua soketi ya aina gani?

Usianze na soketi. Anza na ampea, kisha unene wa waya, kisha teminali (kile kipande cha chuma kinachobanwa kwenye waya), kisha koleo la kubania teminali hiyo. Kava la plastiki ndilo la mwisho. Watu wengi huanza na kava kwa sababu ndilo linaloonekana kwenye picha, halafu wanagundua hawana koleo lake na wanabana kwa meno ya pleisi. Soketi ya kawaida iliyobanwa vizuri huishinda soketi ya mashindano iliyobanwa ovyo, kila siku na bila mjadala.

3. Upande wa betri uwe dume au jike?

Upande wenye umeme uwe jike. Soketi ikichomoka barabarani, pini dume zenye moto zikining'inia zitagusa bodi na kupiga shoti. Jike chuma chake kimejificha ndani.

Hesabu jinsia kwa chuma, si kwa plastiki. Kwenye Deutsch DT (familia ya soketi zisizopenya maji, swali la 11), kwa mfano, kava linaloingia ndilo lenye teminali jike, na wengi hukosea hapo.

## Ampea na waya

4. Nitajuaje ampea za kifaa changu?

Gawanya wati kwa volti. Balbu ya taa kubwa ya H4 ya wati 60 inakula ampea 5. Ukiweka ile ya wati 100 inapita ampea 8, na hapo ndipo soketi za taa huanza kuyeyuka (swali la 13). Mota ni tofauti: feni ya rejeta au pampu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa kuliko ule ulioandikwa, kwa muda mfupi, kwa hiyo isipewe soketi inayotosha kwa kubahatisha.

Fyuzi isizidi uwezo wa kilicho dhaifu zaidi njiani, kiwe waya au teminali. Fyuzi ya ampea 30 juu ya teminali ya ampea 13 maana yake ni kwamba teminali ndiyo itakayoungua kwanza.

5. Soketi imeandikwa ampea 13 na ina pini 12. Zote zibebe 13?

Hapana. Namba hiyo ni ya teminali, na joto la teminali moja humwangukia jirani yake. Fikiria kwa hesabu: miunganiko miwili iliyolegea kidogo, kila mmoja ukipoteza volti 0.1 kwa ampea 20, inatoa wati 4 za joto ndani ya kipande cha plastiki kisicho na hewa. Ongeza joto la chumba cha injini. Mimi huishia kwenye theluthi mbili ya namba iliyoandikwa kwa kitu kinachofanya kazi muda wote, na pini za mkondo mkubwa naziweka pembeni mwa soketi, si katikati.

6. Naweza kugawa mkondo mkubwa kwenye pini mbili?

Kwa karatasi ndiyo. Kwa gari, pini moja ikilegea, nyingine inabeba mzigo wote kimyakimya hadi inaungua. Chukua teminali kubwa zaidi.

7. Waya wa nyumbani unafaa?

Haufai. Mara nyingi una uzi mmoja mgumu, au nyuzi chache nene, na hukatika kwa mtetemo. Zaidi ya hapo ngozi yake ni nene na mpira wa kuzibia maji hautaivaa. Mpira huo umepimwa kwa unene wa ngozi ya waya, si shaba peke yake: waya mwembamba mno unaacha upenyo, mnene mno unaupasua mpira. Ndiyo maana familia nyingi za soketi zina mipira ya ukubwa tofauti, na ni lazima uwe na waya mkononi kabla ya kuagiza.

Magari ya Kijapani yanatumia zaidi 0.5, 0.85, 1.25 na 2 za milimita za mraba. Waya wa PVC wa kawaida huvumilia nyuzi joto 80 hivi. Karibu na injini tafuta wenye ngozi ya kuvumilia 120 au 125.

## Kubana

8. Kubana au kulehemu?

Kubana. Swali hili ndilo linaloleta ugomvi mkubwa, kwa sababu mafundi wengi wazuri tuliowakuta kazini walilehemu kila kitu na magari yao yanatembea hadi leo.

Shida si umeme. Lehemu inapitisha umeme vizuri tu. Shida ni kwamba lehemu ikiyeyuka hupanda ndani ya nyuzi kama mafuta ya taa kwenye utambi, na pale inapokomea waya hubadilika ghafla kutoka mgumu kuwa laini. Mtetemo wote unaishia kwenye mstari huo mmoja, nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine ndani ya ngozi ambako huoni. Kubana kwa koleo sahihi huzikandamiza nyuzi hadi hakuna hewa katikati, na mabawa ya pili ya teminali yanaikumbatia ngozi ili mtikisiko usifike kwenye shaba.

Kubana kisha kulehemu juu yake ni kuchukua udhaifu wa lehemu ukaongeza kazi. Lehemu nayo ina nafasi yake: kwenye bodi za elektroniki, au pale waya hautikisiki kabisa na umeshikwa pande zote.

9. Ninunue koleo gani?

La teminali unayotumia. Zipo jamii mbili za kukumbuka.

Ya kwanza ni teminali wazi, yenye mabawa yaliyosimama kama herufi U. Hizi ndizo zilizomo kwenye familia za Superseal na Metri-Pack (swali la 11) na soketi karibu zote za Kijapani. Koleo lake huyakunja mabawa yazame katikati ya nyuzi. Ukikata mbanio katikati utaona umbo kama la herufi B.

Ya pili ni teminali nene ya kuchonga, yenye tundu la duara, maarufu kwa Deutsch. Koleo lake hugonga pande nne kwa mpigo na halina uhusiano wowote na la kwanza. Deutsch hutoa pia teminali za mabawa zinazoingia kwenye kava lilelile, kwa hiyo soma kwenye pakiti kabla ya kununua koleo.

Lile koleo la teminali nyekundu, bluu na njano halifai kwa mojawapo. Na chochote utakachonunua, kiwe na meno ya kukwama, yasiyoachia hadi umebana mpaka mwisho. Koleo la kuachia katikati humfuata fundi kwenye uchovu wake: za asubuhi zimebanwa, za jioni zimeguswa tu.

10. Nitajuaje nimebana vizuri?

Angalia kwanza. Ncha za shaba zichomoze kidogo mbele ya mabawa, hakuna uzi uliobaki nje, ngozi haijaingia kwenye mbanio wa shaba, na teminali haijapinda kama ndizi.

Kisha bana tatu za kutupa, uzivute. Waya wa 1.5 uliobanwa sawasawa unapaswa kushikilia takribani kilo 15 kabla ya kuchomoka, wa 0.5, kilo 6 hivi. Mzani wa kupimia samaki unatosha. Zikishika, endelea na za gari, na hizo usizivute kwa nguvu hiyo.

Mwisho, kifaa kikiwa kinafanya kazi, weka mita kwenye volti na uguse pande mbili za muunganiko. Milivolti chache ni sawa. Ukiona volti 0.2, rudia. Kupima ukinzani kwa mita ya kawaida hakukuambii kitu hapa, kwa kuwa uzi mmoja uliobaki mzima utasoma karibu na sifuri na utashindwa kuwasha feni.

## Familia za soketi

11. Deutsch DT ndiyo bora kuliko zote?

Ni nzuri sana, na ndiyo ninayoipendekeza kwa chumba cha injini na chini ya gari: imefungwa maji, ina kabari inayofunga teminali zote mahali pake, na unaweza kuifungua na kutoa pini moja bila kuharibu kitu. DT hubeba ampea 13 kwa pini na nyaya za kuanzia 0.5 hadi 2 za milimita za mraba. DTM ni ndogo, ampea 7.5, ya sensa. DTP ni kubwa, ampea 25, ya feni na pampu. Kabari zisisahaulike, soketi bila kabari huonekana imefunga na haijafunga.

Hasara zake ni ukubwa, bei, na koleo (swali la 9). Kwa dashibodi, ambako hakuna maji, ni kupoteza nafasi na pesa.

Superseal 1.5 ni mbadala halali: ampea 14, pini 1 hadi 6, ndogo, na pikipiki nyingi zimeitumia. Lachi (kifungio) yake ni dhaifu kuliko ya DT na haipendi kufunguliwa mara kwa mara. Metri-Pack, iliyotoka kwa General Motors, ina raha moja: namba ni upana wa teminali, 150 ni milimita 1.5, 280 ni 2.8, 630 ni 6.3. Metri-Pack 280 hubeba hadi ampea 30, na kwa hiyo huipa feni au relei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo) nafasi nzuri bila kwenda kwenye DTP.

12. Gari langu ni Toyota. Nibadilishe soketi zote?

Kwa nini? Soketi za Sumitomo na Yazaki, watengenezaji wa Kijapani, zilizomo zimekaa miaka 20 kwenye gari na nyingi bado ni nzima. Sensa na nozeli zinahitaji soketi yake hasa, huwezi kuchagua. Nunua kava jipya, teminali mpya na mpira mpya, ubane upya. Teminali nyingi za Kijapani huitwa 090, yaani inchi 0.090, ambazo ni milimita 2.3, na ukijua hilo utapata mbadala kwa urahisi.

Mahali pa kuweka familia ya soketi uliyoichagua mwenyewe ni pale waringi wa injini unapokutana na waringi wa bodi.

13. Soketi ya taa ya H4 inayeyuka kila mara. Niweke ipi?

Weka ya kauri, yenye nyaya za milimita 2 za mraba au zaidi, na relei karibu na betri. Soketi mpya peke yake itayeyuka tena ikiwa mkondo wote bado unapita kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba wa zamani.

Angalizo kwa Toyota: nyingi hupeleka chanya kwenye balbu moja kwa moja na kuwasha kwa kukata na kuunga upande wa hasi. Waringi wa relei uliotengenezwa kwa gari la Ulaya hautafanya kazi humo bila kugeuzwa. Pima kabla ya kukata.

14. Friji inazimika kwenye barabara mbovu. Soketi gani?

Friji haina kosa. Ni kile kitundu cha kuwashia sigara. Hakikutengenezwa kushika kitu kwenye makorongo. Weka Anderson SB50 (soketi ya mkondo mkubwa) au DTP, na waya mnene, kwa sababu friji hujizima volti ikishuka kidogo tu. Anderson za rangi tofauti haziingiliani, kwa makusudi, basi nunua rangi moja kwa gari zima. Hazizuii maji.

Winchi usiliweke kwenye soketi yoyote ya plastiki ya kawaida. Likivuta mzigo mzito linaweza kupita ampea 400. Hilo ni la lagi nene (teminali ya tundu la bolti) na bolti, sawa na stata.

## Maji na vumbi

15. IP67, IP68, IP69K: tofauti ni nini hasa?

IP ni kiwango cha kuzuia vumbi na maji. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, na 6 ni kwamba halipenyi kabisa. Ya pili ni maji: 7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30, 8 ni zaidi ya hapo kwa masharti ya mtengenezaji, na 9K ni maji ya moto ya presha kubwa kwa karibu. Kwa gari la kuoshwa kwa mashine kila Jumamosi, hiyo ya mwisho ina maana kuliko kuzama.

Namba hizo ni za soketi iliyofungwa, yenye waya wa unene sahihi na matundu yote yamezibwa. Tundu moja lisilo na waya wala kizibo, na umenunua soketi ya IP68 isiyo na IP.

Jaribu kuwaza gari lililotoka kwenye fesh-fesh, lile vumbi laini kama unga wanalolijua waliowahi kufuata Safari Rally kule Naivasha, likaingia mtoni injini ikiwa ya moto. Hewa ndani ya soketi inapoa ghafla, inasinyaa, na kuvuta chochote kilicho karibu. Mpira wa kuzibia ukiwa na mchubuko, unavuta maji. Ukiwa mzima lakini upande wa pili wa waya uko wazi, maji hutembea ndani ya nyuzi za waya hadi yanafika. Nimefungua soketi kavu nje na yenye tope ndani, na kosa lilikuwa mita moja mbali, kwenye lagi ya bodi iliyobanwa bila mpira wa kusinyaa kwa joto.

16. Nijaze grisi?

Usijaze. Grisi ya silikoni haipitishi umeme. Kazi yake ni kulainisha mpira na kufukuza unyevu. Paka kidogo kwenye mpira, basi. Grisi ya bearingi usiitie kabisa, na kwenye sensa ya oksijeni usitie ya aina yoyote (swali la 19).

17. Pini za dhahabu zina faida?

Kwa sensa zenye mkondo mdogo sana, ndiyo. Kwa taa na feni, bati linatosha. La muhimu ni kutochanganya: dume la dhahabu kwenye jike la bati huharibu bati kwa msuguano wa mtetemo kuliko bati kwa bati.

## Kununua

18. Nitatambuaje bandia? Na soketi za kukatwa kwenye gari bovu je?

Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi na kwingineko utapata halisi na mwigo kwenye meza moja, na muuzaji mara nyingi hajui tofauti. Mwigo wa kava mara nyingine unavumilika. Mwigo wa teminali hauvumiliki: chuma laini, ulimi uliochoka baada ya kuchomekwa mara mbili, mabawa yanayopasuka yakikunjwa. Bana moja, ichomeke, ichomoe, ivute. Ikiwa bajeti ni finyu, nunua teminali halisi na kava la kawaida, kamwe si kinyume chake.

Soketi yenye mkia kutoka gari lililokatwa ni njia nzuri ya kupata zile adimu. Acha mkia wa sentimita 15 angalau. Kisha, badala ya kuunga mkia, toa teminali, uisome ukubwa, na utie mpya ukiipata. Kava lililopauka na kukatika lachi liache hapohapo.

## Mambo ya pembeni

19. Sensa ya oksijeni: naweza kukata na kuunga?

Iache. Sensa nyingi za aina hii hupumua hewa safi kupitia ndani ya nyaya zake. Lehemu, gundi au grisi huziba njia hiyo, na usomaji unapotoka bila kukuonyesha kosa. Ukitaka kurefusha, refusha upande wa gari.

20. Kipima joto cha moshi, chenye nyaya mbili?

Kama ni cha aina ya K, nyaya zake ni za metali maalumu, na soketi pamoja na pini lazima ziwe za metali hizohizo. Pini za shaba zikipata joto tofauti upande huu na ule huongeza volti zao wenyewe, nawe unaamini injini imepoa.

21. Nyaya za CAN zinahitaji soketi maalumu?

Hizi ni nyaya mbili ambazo kompyuta za gari huwasiliana kwazo, na soketi ya kawaida inatosha. Weka nyaya mbili kwenye pini zinazopakana, na usifungue msokoto wake zaidi ya sentimita chache. Ukimaliza, ondoa betri na upime kati yake: omu 60 ni sawa, maana kuna omu 120 kila mwisho. Ukipata 120, mwisho mmoja umekatika au haujawekwa.

22. Gari la volti 24?

Soketi ni zilezile. Mkondo ni nusu kwa wati zilezile, kwa hiyo teminali hupumua. Cheche wakati wa kuchomoa ni kali zaidi, zima kwanza.

23. Kuna soketi za njano chini ya usukani. Nizipitishe kwenye waringi mpya?

Hizo ni za eabegi. Ndani mna chuma kinachounganisha pini zikichomolewa ili eabegi isilipuke kwa bahati mbaya. Usizikate, usizirefushe, usizipime kwa mita. Ondoa betri, subiri dakika kadhaa kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, uziache kwenye waringi wake wa asili na uupitishe wako pembeni.